Mali ya Wote Hainyang'anywi kwa Siku Moja



Wapo watakaouliza: roketi za matajiri zinatuhusu nini sisi tunaohangaikia bei ya unga? Tunajibu bila kusita: zinatuhusu. Palipo na mali ya wote inayochukuliwa na wachache, hapo pana suala la haki, hata kama mali hiyo iko juu ya mawingu.

Tuanzie ardhini. Katika jimbo la Texas, Marekani, karibu na mpaka wa Meksiko, uko ufuo uitwao Boca Chica. Tangu mwaka 1959 sheria ya jimbo hilo inatambua kwamba fukwe za bahari ni wazi kwa watu wote, na mwaka 2009 wananchi waliipigia kura haki hiyo iingizwe katika katiba. Familia za Brownsville, mji wenye maskini wengi, zimezoea kwenda Boca Chica kuvua na kupumzika. Lakini mwaka 2013 ilitungwa sheria ya kuruhusu ufuo ufungwe wakati wa kurusha roketi, na mwaka uliofuata kampuni ya SpaceX, ya tajiri Elon Musk, ilizindua ujenzi hapo.

Tarehe 20 Aprili 2023 roketi yake kubwa, Starship, ilirushwa kwa mara ya kwanza. Ilibomoa sakafu ya zege iliyokuwa chini yake, vumbi likaangukia mji jirani wa Port Isabel, kisha roketi ikalipuka angani. Mei 2025 wakazi wachache wa eneo hilo, wengi wao wakiwa watu wa kampuni, walipiga kura 212 dhidi ya 6 kulifanya kuwa mji uitwao Starbase.

Tazameni jinsi jambo lilivyokwenda. Hakuna aliyeifuta haki ya watu. Imebaki katika katiba, huku ikimegwa saa kwa saa, kibali kwa kibali.

Sasa tuinue macho. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1967 unasema kwamba anga za juu zitumike kwa manufaa ya nchi zote, na kwamba hakuna taifa linaloweza kujitwalia Mwezi. Hata hivyo, mwaka 2015 Marekani ilitunga sheria ya kuwapa raia wake haki ya kumiliki madini watakayochimba huko. Luxembourg ilifuata mwaka 2017. Watetezi wao husema kwamba Mwezi wenyewe haumilikiwi, bali kile tu kitakachotolewa humo. Ni sawa na kusema kwamba mto ni wa kijiji kizima, ila maji ni ya mwenye pampu!

Hatupingi ufundi. Roketi zinazorudi na kutumika tena zimepunguza gharama, na tangu mwaka 2023 wapo Wakenya wanaopata intaneti kupitia satelaiti za kampuni hiyo hiyo. Lakini wema hauwi hati ya kumiliki. Tena, fedha si za tajiri peke yake: mwaka 2021 shirika la serikali ya Marekani, NASA, liliipa SpaceX mkataba wa dola bilioni 2.9 wa kutengeneza chombo cha kutua Mwezini. Mwananchi alipe kodi, kisha afungiwe ufuo?

Wala pwani yetu si ngeni katika mambo haya. Kati ya mwaka 1967 na 1988 Waitalia walirusha satelaiti kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, kwa sababu mzunguko wa dunia kwenye ikweta huisaidia roketi. Ikweta haijahama. Kampuni zikija kubisha hodi, wavuvi wetu wakute maswali yamekwisha kuulizwa.

Kwa hiyo tunadai:

1. Ufuo usifungwe bila ridhaa ya wanaoutegemea.

2. Anayeharibu alipe, wala asiwe hakimu wa uharibifu wake.

3. Serikali zetu zisimame katika Umoja wa Mataifa kudai kwamba mapato ya anga yawafikie wote.

Viongozi wa walei, wapelekeeni wabunge wenu madai haya. Methali husema, mwenye nguvu mpishe. Katika njia nyembamba hiyo ni busara. Katika mali ya wote, kumpisha ni kuwadhulumu watoto wetu.