Besi Si Uhuni

Mwezi uliopita niliweka sabufa kwenye gari langu, na mama akaninunia siku mbili. "Umesoma chuo kikuu, una kazi yako, unatafuta nini kwenye midundo ya wahuni?" Nikacheka. Ndipo akatoa lililokuwa moyoni: "Polisi wakikusimamisha, usinipigie simu."

Najua wengi wenu mmeyasikia haya nyumbani. Wazazi wetu walipofika London walijifunza kupita kimyakimya: usipige kelele kwenye ngazi, usiwape majirani sababu ya kulalamika. Naelewa kabisa. Kijana mweusi ndani ya gari lenye mdundo, watu hapa wameshamhukumu kabla hajashusha kioo. Lakini nakataa kwamba dawa yake ni sisi kusikiliza muziki wetu nusu.

Na ni nusu kweli, sitii chumvi. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatoa hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Spika ndogo za milangoni zinazokuja na gari la kawaida huishiwa nguvu kabla ya kushuka huko chini. Kwa hiyo miaka yote ile tuliyokaa siti ya nyuma kwenye A13, kanda za Mlimani Park na Msondo zikipigwa, tulisikia waimbaji, magitaa ya juu na tarumbeta. Mpiga besi, ambaye ndiye anawashika wote pamoja, alisikika kama yuko chumba cha pili.

Baba alipopanda gari mara ya kwanza baada ya sabufa, nilimwekea wimbo alionilea nao. Sikumwambia kitu. Tukafika nyumbani, nikazima injini, akasema, "Acha kwanza uishe." Kisha akaanza kunisimulia alivyokuwa akicheza dansi pale DDC Kariakoo, na jinsi alivyokuwa akisimama karibu na spika makusudi. Nina miaka 34, na hadithi ile sikuwahi kuisikia.

Sasa, msimamo wangu. Usitupe redio iliyokuja na gari. Magari ya siku hizi, ile skrini imeunganishwa na kamera ya nyuma, vitufe vya usukani na mipangilio mingine. Ukiing'oa unajitafutia balaa. Chukua sabufa ndogo ya kuweka chini ya siti, yenye amplifaya ndani yake, na inayokubali mawimbi kutoka kwenye waya za spika zilizopo. Toa betri kabla ya kugusa chochote. Waya wa umeme utoke kwenye betri, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, maana waya ukichunika bila fyuzi ni moto. Waya wa eathi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Halafu anza na hezi 80 kushuka chini, na sauti iwe ndogo, uongeze taratibu. Besi ikiwa sawa huijui kama ipo, mpaka uizime.

Kama huna uhakika na waya, lipa fundi. Na waambie watu wa bima, kwa sababu hapa Uingereza kuficha kitu ulichoongeza kwenye gari kunaweza kukukosesha fidia siku ya ajali.

Hapo mama ana hoja moja, nami nampa haki yake. Kuna mtoto amelala nyuma ya yale madirisha, kuna nesi ametoka zamu ya usiku. Nesi mwenyewe pengine ni shangazi yako. Tena sheria ya mwaka 2002 inawaruhusu polisi kulichukua gari linaloendeshwa bila kujali wengine na kuwaletea watu bughudha. Kwa hiyo nikiingia mtaani napunguza, vioo juu. Sabufa niliinunua kwa ajili ya masikio yangu, si ya mtaa mzima.

Lakini kupunguza kwa heshima na kunyamaza kwa woga si kitu kimoja. Kule Dar sabufa inakaa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na hakuna anayemwita mwenye nyumba mhuni. Mama naye aliikuta hivyo kwa dada yake, na alicheza.