Feni ya Hoteli Imeungua Tena? Wacha Kulaumu Feni

Ukitembea Makutano pale Meru ama Embu town, utaona hoteli zimetoboa ukuta zikaweka feni ya kutoa moshi. Poa sana. Noma iko kwa waya. Mdosi ananunua feni kubwa ya fezi 3, volti 415, halafu fundi wa mtaa anaiunga na swichi tupu. Fezi moja ikipotea, mota haizimi, inang'ang'ana na mbili zilizobaki hadi inaungua. Ovalodi ingeizima mapema, lakini hiyo ndiyo watu huruka wakiokoa doh. Anayebaki kumeza moshi ni mpishi, si mdosi. Na Sheria ya Nishati ya 2019 inataka fundi awe na leseni ya EPRA. Mwitishe kabla hajapanda ngazi. Akianza hadithi, tafuta mwingine.