Injini ya Turbo Hainoki Ghafla: Ilikwambia, Hukusoma

Haya wasomaji wangu, leo mtanivumilia. Kwa kawaida naandika kuhusu programu na seva, lakini leo nazungumzia gari. Mkifika mwisho mtaona kwamba mambo ni yale yale.

Kuna maneno fulani yamenichosha masikio. Utayasikia gereji, utayasikia harusini, utayasikia hata nje ya kanisa watu wakisubiri kupiga picha: "Subaru ya turbo ni gari zuri, shida ni kwamba injini hunoki ghafla." Ghafla! Kana kwamba imepigwa na radi. Muuzaji hana kosa, fundi hana kosa, mwenye gari hana kosa, ni bahati mbaya tu. Mimi nasema huo ni uongo, na umeishi miaka mingi kwa sababu unawafaa watu watatu: muuzaji anayeficha, fundi asiyetaka kusoma, na mnunuzi asiyetaka kujilaumu. Mimi nilikuwa huyo wa tatu.

Kupenda Impreza hapa Kenya si jambo la kushangaza. Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Subaru mwaka 1997, Richard Burns akaja akashinda kwa Subaru mwaka 2000, na kabla yao Patrick Njiru alikuwa ameshalifanya jina hilo liimbwe na watoto wa kwetu. Sisi tuliozaliwa miaka hiyo tulikua tukisikia hadithi hizo, na tulipopata mshahara wa kwanza wa maana tukajua unakwenda wapi.

Lakini angalia soko lilivyo. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Maana yake ni kwamba zile STI za miaka ya 2000 ambazo kila kijana anazitamani haziwezi kuletwa tena kutoka Japani. Ukiiona moja inauzwa, imekuwa hapa hapa miaka mingi. Na kule Subaru walikotoka, mwaka 2019 walitangaza toleo la mwisho la WRX STI yenye injini ya EJ20, magari 555 tu, namba ile ile iliyokuwa ubavuni mwa magari yao ya mbio miaka ya 1990. Kwa hivyo unaponunua, hununui gari la Japani. Unanunua maamuzi ya watu wanne au watano waliolimiliki hapa kabla yako. Swali ni moja tu: walifanya nini?

Mwaka 2021 nilinunua STI ya mwaka 2006, injini ya lita 2.0, nguvu za farasi 280 kwenye karatasi. Siku ya kuliona nililikuta injini ikiwa tayari moto. Muuzaji akaniambia betri ni mpya, ameifunga asubuhi hiyo hiyo. Nikafurahi, nikaona huyu ni mtu mkarimu. Fundi niliyekwenda naye alisikiliza injini, akachungulia moshi, akagusa boneti, akasema, "Bosi, hii ni safi." Nililipa.

Wiki tano baadaye nilikuwa njiani kwenda Mombasa. Nimepita Voi, napita lori moja baada ya jingine, nguvu zikapotea. Kwenye kioo cha nyuma nikaona moshi wa buluu umefunika barabara. Gari lilirudi Nairobi likiwa juu ya lori. Injini ilipofunguliwa, pistoni ya silinda ya nne ilikuwa imevunjika ule ukingo unaoshikilia ringi. Fundi wa gereji akatikisa kichwa akasema maneno yale yale: "Hizi hunoki ghafla, bosi. Tutakuwekea injini nyingine ya kutoka Japani." Injini hiyo pamoja na kazi ilikaribia nusu ya bei niliyonunulia gari.

Sasa ngoja tuelewane kuhusu neno lenyewe. Sisi tukisema injini "imenoki" tunamaanisha imekufa, mara nyingi beringi za kranki zimekwisha na injini inagonga kama mtu anayepiga nyundo. Lakini kuna kunoki kwingine kunakotokea kabla ya kifo. Mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda ukipata joto na shinikizo kupita kiasi, sehemu yake huwaka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Mlipuko huo ni mkali na unapiga pistoni kama kofi. Kofi moja halina neno. Makofi elfu moja yanavunja ukingo wa ringi. Katika injini ya turbo, ambayo kazi yake yote ni kusukuma hewa nyingi ndani ya nafasi ndogo, makofi hayo yako karibu siku zote.

Waliounda gari walilijua hilo. Ndiyo maana kwenye bloku ya injini kuna kihisi kinachosikiliza makofi hayo, na tarakilishi ya injini, ile ECU, ikisikia moja hurudisha nyuma wakati wa kuwasha plagi ili kupunguza joto. Zaidi ya hayo, inaandika! Inahifadhi jedwali la kasi na mzigo ambapo ilisikia makofi, na inahifadhi namba moja kubwa inayoonyesha inaiamini petroli na hali ya injini kiasi gani. Katika ECU nyingi za Subaru za wakati huo namba hiyo ikiwa 1 mambo ni mazuri. Ikishuka, injini imekuwa ikilalamika kwa muda. Katika ECU za zamani zaidi namba nzuri ni 16. Hii si siri ya kiwandani. Kebo ya Tactrix na programu huria ya RomRaider zinakusomea yote haya kwenye kipakatalishi, na RomRaider hailipiwi hata senti.

Kumbukumbu hizo lakini zinategemea umeme wa betri. Ukifungua waya wa betri, zinafutika. Unaikumbuka ile betri mpya ya asubuhi? Na mimi nilishukuru!

Kabla sijaruhusu injini mpya ifungwe, niliomba ECU. Fundi alinicheka. Alisema tarakilishi haina shida, injini ndiyo mbovu. Nilisoma programu iliyokuwa ndani yake, nikailinganisha na ile ya kiwandani jedwali kwa jedwali, kama tunavyolinganisha matoleo mawili ya kodi kabla ya kuipitisha. Niliyoyaona sijayasahau. Mtu alikuwa amesogeza mbele wakati wa kuwasha plagi. Alikuwa amepandisha kile kikomo ambacho ECU hukata petroli hewa ikizidi. Na alikuwa amebana eneo la kasi ambamo ECU inaruhusiwa kurekebisha makofi, ili gari lisije "likapoteza nguvu" mbele ya mteja.

Kwa lugha yetu ya kazi: jaribio lilikuwa linafeli, akalifuta jaribio. Alizima king'ora akaacha moto.

Hayo hayakumtosha. Chini ya boneti kulikuwa na vali ndogo ya mkono iliyofungwa kwenye hosi ya turbo, ya kuongeza msukumo bila kupitia ECU. Hapa ndipo safari ya Mombasa inapoingia. Nairobi tuko juu, zaidi ya mita 1,600, na shinikizo la hewa ya kawaida ni takriban asilimia 82 ya lile la baharini. Vali ya aina hiyo haijui uko mji gani. Inaongeza kiwango kile kile juu ya hewa iliyopo. Ukiirekebisha Nairobi kwa baa 1, jumla ndani ya injini ni kama baa 1.83. Ukishuka pwani jumla inakuwa karibu baa 2, yaani karibu asilimia 10 zaidi, na hewa yenyewe ni ya moto. Kila kilomita niliyoshuka kutoka Mtito Andei nilikuwa naongeza mzigo juu ya pistoni, na king'ora kilikuwa kimezimwa. Ghafla iko wapi hapo?

Na sasa fikiria jambo linaloniudhi kuliko yote. Fundi alikuwa tayari kufunga injini mpya juu ya ECU ile ile na vali ile ile. Angelamba pesa zangu, nami ningeshuka tena Mombasa Desemba. Injini ya pili ingekufa, na mimi ningekuwa shahidi mwingine wa kwamba "Subaru hunoki ghafla". Jiulizeni ni wangapi wamezika injini mbili au tatu kwa ugonjwa mmoja ambao haukuwa ndani ya injini.

Nilirudisha programu ya kiwandani, nikaitoa vali, nikaanza kuweka petroli bora kuliko ile super ya kawaida. Gari hilo liliundwa kwa ajili ya petroli ya oktani ya juu inayouzwa Japani, ambayo hufika karibu 100, na yetu ya kawaida haifiki huko. Mafuta ya injini nilibadilisha kila kilomita 5,000 na kupima kila Jumamosi. Mkanda wa taimingi nilibadilisha bila kusubiri, maana ukikatika, vali na pistoni zinagongana na hakuna cha kuokoa. Mjini lilinipa kilomita 6 au 7 kwa lita, na sikulalamika, huo ndio mkataba wa gari la aina hiyo. Lilikwenda miaka mitatu, Mombasa mara nne, bila kuvuta moshi.

Najua mtakachosema. Wa kwanza atasema, "Nunua Toyota upumzike." Ni ushauri mzuri kwa anayetaka kufika kazini. Haumsaidii anayetaka gari la mbio, na Toyota yenye turbo ikifanyiwa ujinga huo huo itakufa vivyo hivyo. Wa pili atasema mafundi wetu wana masikio ya miaka thelathini. Nawaheshimu, na kazi ya spana siwezi kuwafundisha. Lakini kofi la ndani ya silinda, ekzosi kubwa ikinguruma, sikio la binadamu halilisikii. Kihisi kiliwekwa pale kwa sababu hiyo. Wa tatu atasema kumbukumbu zinaweza kufutwa, mimi mwenyewe nilifutiwa. Kweli. Lakini kufuta nako kunaacha alama. Gari lililoendeshwa miezi mingi ni nadra kuwa na jedwali lote la sufuri. Ukikuta sufuri kila mahali, umeambiwa kitu: huenda mtu amefuta ubao asubuhi hii.

Na wale wa "rimapu" ya saa moja, mnaoahidi nguvu na milipuko ya ekzosi, nina swali moja kwenu. Mteja wenu mnampa nakala ya programu ya zamani na orodha ya mlichobadilisha? Mimi nikibadilisha kodi ya mwajiri wangu bila kuandika nilichobadilisha, nafutwa kazi, na kodi yangu haimbebi mtu kwa kasi ya kilomita 110 kwa saa akipishana na trela.

Mwaka 2024 nililiuza gari. Broka alinishauri kwa upole, kama mzee anavyomshauri kijana: "Toa waya wa betri kwanza. Kila mtu hufanya hivyo." Kulikuwa na makofi machache kwenye jedwali, si ya kutisha, lakini yalionekana. Sikutoa waya. Nilimpa mnunuzi faili za miaka mitatu, programu ya kiwandani, na picha za ile pistoni iliyovunjika. Alipunguza bei, nikakubali. Bado nasikia maumivu ya pesa zile, nisiwadanganye. Lakini namba yake ninayo na sijawahi kuogopa kupokea simu yake.

Kwa hivyo ukienda kununua, kataa kuliona gari ambalo injini yake tayari ni moto. Omba liwashwe likiwa baridi mbele yako. Beba kipakatalishi na kebo, au nenda na mtu anayevijua. Soma majedwali kabla ya kuendesha na baada ya kuendesha. Soma programu ya ECU uilinganishe na ya kiwandani. Muuzaji akikataa, usigombane naye, mwambie asante uende zako, ameshajibu. Na fundi akitaka kukufungia injini mpya bila kukuonyesha kilichoiua ya kwanza, ondoa gari lako hapo siku hiyo hiyo.

Wenye gari wenzangu, tuache kulia kwamba tulipigwa na radi. Mwenye macho haambiwi tazama, na kebo sasa mmeijua.