Pointi za dukani zaweza kukulipia likizo? Tumepiga hesabu

Wiki iliyopita msikilizaji wetu mmoja, mama anayeuza mboga kando ya barabara kuu ya Mombasa, alituma ujumbe kwenye kipindi cha asubuhi. Mtoto wa dadake anaishi Uingereza. Binti huyo alimpigia simu akamwambia, "Mama mdogo, tumekwenda likizo ufuoni siku 3 na watoto, na hoteli hatukuilipa kwa pesa." Walilipa kwa pointi za supamaketi. Swali la mama lilikuwa fupi: pointi za Bonga alizo nazo kwenye simu zaweza kumpeleka wapi?

Studioni tulicheka, kisha tukanyamaza, maana hakuna hata mmoja wetu aliyejua ana pointi ngapi. Tukaahidi kulitazama jambo hili na kuliandika hapa, kwa sababu hewani muda ni mfupi na hesabu zinataka kusomwa polepole.

Kwanza, binti hakudanganya. Uingereza jambo hili ni la kawaida. Tesco, supamaketi kubwa kuliko zote kule, ilianzisha kadi yake iitwayo Clubcard nchi nzima mwezi Februari 1995. Mteja akifika kwa keshia anaonyesha kadi, au siku hizi simu, na kwa kila pauni 1 anayotumia anaandikiwa pointi 1. Mara 4 kwa mwaka pointi hizo hugeuzwa vocha. Pointi 150 ni vocha ya pauni 1.50. Kwa maneno mengine, ukiacha dukani pauni 100 unarudishiwa pauni 1.

Likizo inaingilia hapa. Vocha ya pauni 1 ukinunulia mkate dukani humo, inabaki pauni 1. Lakini ukiipeleka kwa kampuni zilizofunga mkataba na Tesco, kama hoteli, mikahawa au bustani za burudani, thamani yake inaongezeka. Kwa sasa inakuwa mara 2. Tuchukue familia inayonunua vyakula na sabuni za pauni 100 kila wiki. Kwa mwaka inapata pointi 5,200, ambazo ni vocha za pauni 52, na kwa likizo zinakuwa pauni 104. Kwa fedha zetu hizo ni zaidi ya shilingi 17,000. Kule zinatosha chumba cha hoteli ya bei nafuu kwa usiku 1 au 2. Huenda binti wa watu alijiwekea pointi za miaka 2 ndipo zikafika siku 3. Na hapo hana nafasi ya kuvuta zaidi, kwa sababu vocha ina uhai wa miaka 2, baada ya hapo imekufa.

Sasa tazama upande wa pili wa hesabu hiyo. Ili ipate pauni 104, familia imeacha dukani pauni 5,200, yaani zaidi ya shilingi 880,000. Kama ni vitu ambavyo ingenunua hata bila kadi, sawa, likizo hiyo ni faida safi na hatuoni haya kusema hivyo. Lakini kama kila wiki imeongeza kitu kimoja kikapuni ili pointi zipande, imeilipia likizo hiyo kidogo kidogo bila kujua.

Mtu atauliza: hao wenye hoteli wanakubalije vocha ya pauni 1 iwe pauni 2? Kitanda kilicholala bila mgeni usiku wa leo hakiwezi kuuzwa kesho. Mwenye hoteli anayejua vyumba vyake vitabaki vitupu katikati ya wiki yuko tayari kuvitoa kwa bei ya chini kwa anayemletea wageni kwa wingi. Ndiyo maana likizo za pointi mara nyingi huwa na masharti ya tarehe. Ni kama muuza samaki saa 12 jioni. Bei ya asubuhi haipo tena, na anayekuja na kapu kubwa anasikilizwa.

Mchezo wenyewe ni wa zamani. Kabla ya kadi kulikuwa na stempu. Kuanzia 1958 kampuni ya Green Shield iliuzia maduka ya Uingereza stempu ndogo za kijani. Mteja alipewa kulingana na alichonunua, akazilamba na kuzibandika kwenye kitabu, na kitabu kikijaa akachukua zawadi, birika au taa. Tesco iliingia mwaka 1963, ikaziacha mwaka 1977. Iliona fedha zinazokwenda kwenye stempu ni afadhali zitumike kushusha bei, na wateja wakaja kwa wingi kufuata bei. Hapo ndipo mtu anapoelewa fedha za zawadi zilikuwa zinatoka wapi miaka yote hiyo.

Kwa nini basi miaka 18 baadaye duka lile lile likarudi kwenye pointi? Kwa sababu stempu ilikuwa haisemi lolote kuhusu mtu, na kadi inasema. Mwaka 1994, wakati kadi ikiwa bado kwenye majaribio, mume na mke wenye kampuni ndogo ya kuchambua takwimu, Clive Humby na Edwina Dunn, walipewa data za wateja wazichambue. Walipowasilisha kazi yao, mwenyekiti wa Tesco wakati huo, Ian MacLaurin, aliwaambia kwamba kinachomtisha ni kuona wao wanawajua wateja wake zaidi kwa miezi 3 kuliko yeye kwa miaka 30. Nani ana mtoto mchanga, nani ameacha nyama, nani hununua bia Ijumaa: yote hayo yanaonekana. Ile pauni 1 kwa kila 100 ni malipo ya habari hizo.

Ila kuna jambo lililotushughulisha zaidi tulipokuwa tunasoma, nalo ni nani anayepanga thamani ya pointi. Zamani vocha za Tesco kwa baadhi ya washirika zilikuwa zinafika mara 4. Januari 2018 kampuni ikatangaza kwamba zote zitakuwa mara 3, tena mara moja, bila notisi ya maana. Watu waliokuwa wanaweka pointi kwa ajili ya likizo ya familia walikasirika, na ndani ya siku chache kampuni ikasogeza mabadiliko hadi Juni mwaka huo. Juni 2023 ikashuka tena, kutoka mara 3 hadi 2. Irudie ile familia yetu ya pauni 100 kwa wiki. Pointi zake 5,200 zilikuwa na uwezo wa pauni 208 kwenye mkataba wa mara 4, zikawa 156, sasa ni 104. Haikununua kidogo kuliko zamani. Hakuna aliyeiba kitu, na masharti yaliruhusu. Lakini ukimkopesha jirani shilingi 200 naye akajitangazia kwamba siku hizi deni hilo ni shilingi 100, huwezi kumkopesha tena bila kufikiri.

Turudi huku kwetu

Wakenya tuna somo letu wenyewe, tena chungu kuliko la Waingereza. Nakumatt, duka lililoanza na magodoro Nakuru na jina lake likatoka humo, lilikuwa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Nalo lilikuwa na kadi ya pointi, na wengi waliiweka kwenye pochi pamoja na kitambulisho. Mwaka 2017 rafu zikaanza kubaki tupu na matawi yakafungwa moja baada ya jingine. Mwanzoni mwa 2018 mahakama ikaliweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wanaolidai wakapiga kura lifungwe kabisa. Madeni yalikuwa zaidi ya shilingi bilioni 30. Mabenki na wauzaji wa bidhaa walipanga foleni wakitafuta fedha zao. Mwenye pointi 2,000 kwenye kadi angeanzia wapi? Rafu ikiwa tupu, pointi ni tarakimu kwenye plastiki.

Sisi wa mashambani wengi wetu hatuna kadi za supamaketi, kwa sababu supamaketi yenyewe iko mbali. Pointi zetu ziko kwenye laini ya simu. Safaricom ilianza Bonga mwaka 2007, na hesabu yake iliyozoeleka ni pointi 1 kwa kila shilingi 10 za kredi unazotumia. Tangu 2020, wakati wa Korona, zinaweza kulipia bidhaa kwa wafanyabiashara wenye nambari ya Lipa na M-Pesa. Wakati ule pointi 1 ilipandishwa kutoka senti 20 hadi senti 30 ili watu wapate chakula, na hilo tunalisifu bila kusita.

Tukirudi kwenye senti 20, hesabu yake ni hii. Ukitumia kredi ya shilingi 500 kwa mwezi, unapata pointi 50, na kwa mwaka 600. Hizo ni shilingi 120. Tuseme unataka nauli ya shilingi 1,200 kwenda Nairobi kumtembelea mtoto. Utahitaji pointi 6,000, ambazo kwa mwendo huo ni kredi ya miaka 10. Asilimia 2 unayorudishiwa si mbaya, kwa kweli ni mara mbili ya ile ya Mwingereza akinunua mkate. Tofauti ni kwamba yeye anahesabiwa kila anachokula nyumbani, na wewe unahesabiwa unachotumia kwenye simu.

Hata huku kanuni zimewahi kutikisika. Mwishoni mwa 2022 Safaricom ilitangaza kwamba kuanzia 2023 pointi zilizokaa zaidi ya miaka 3 bila kutumika zitafutwa. Wateja walilalamika sana, na kampuni ikaahirisha mpango huo. Hiyo ni Tesco ya 2018 kabisa. Mteja aliyekuwa amezikumbuka pointi zake alizitumia mapema, na aliyezisahau aliokolewa na kelele za wenzake.

Ushauri wetu kwa hiyo si wa kuweka pointi kama mtu anavyoweka kwenye chama. Chamani fedha zikikaa unajua zitatoka shilingi ngapi, na kuna kitabu na mashahidi. Pointi zikifika kiasi cha kununua kitu unachokihitaji, nunua. Kuona ulizo nazo, bonyeza *126# ufuate maelekezo, na tazama hapo hapo pointi 1 ni senti ngapi siku hiyo kabla hujakubali. Angalia pia usigeuze pointi kuwa bando ambalo litaisha usiku wa manane hujalitumia. Sisi tungelipia kitu cha dukani.

Supamaketi mjini nazo, zenye kadi au programu ya simu, mara nyingi huwa na bei mbili kwenye rafu, ya mwenye kadi na ya asiye nayo. Uingereza mamlaka ya ushindani ilichunguza bidhaa kama 50,000 za aina hiyo, na Novemba 2024 ikasema zaidi ya 9 kati ya 10 zilikuwa na punguzo la kweli. Hata hivyo iliwakumbusha wanunuzi kwamba bei ya mwenye kadi huenda bado iko juu kuliko ya duka la pili. Ukienda mjini kununua unga wa mwezi, uliza bei kwa mwenye duka wa Kijiji kwanza, halafu ndipo utoe kadi.

Kabla ya kujaza fomu ya kadi, kumbuka unachotoa: jina, nambari ya simu, pengine tarehe ya kuzaliwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza wana habari gani zako na wanazifanyia nini, na kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data ukipuuzwa.

Na matapeli hawajalala. Ukipigiwa simu kwamba pointi zako zimeshinda likizo Diani, kinachobaki ni utume "ada kidogo" au utaje nambari ya siri ya M-Pesa, kata simu. Ukitumia pointi mwenyewe, nambari yako ya siri inaingizwa na kidole chako kwenye simu yako, haisomwi kwa mtu. Mzee anayetumia simu ya kubonyeza nyumbani kwako anahitaji kuambiwa hili leo jioni, kwa sababu yeye ndiye wanayempigia.

Mama wa mboga tulimpigia tena juzi. "Mwanangu, nimebonyeza," akasema, na akatusomea tarakimu moja moja: pointi 3,140. Kwa senti 20 hizo ni shilingi 628, na zilikuwa zimekaa humo muda mrefu hata hakumbuki. Gari analopanda kwenda Taveta kwa dadake halina nambari ya Lipa na M-Pesa, kondakta anataka noti. Basi alikwenda kwenye duka lililo na nambari hiyo, akalipia unga, sukari na mafuta kwa pointi. Pesa taslimu alizokuwa ametenga za vitu hivyo akazifunga kwenye leso. Anasafiri Jumamosi, na atakaa siku 2.