Cheo Kimoja, Kazi Tatu
Uliajiriwa uwe karani. Leo unatunza ghala na kupokea fedha, ilhali mshahara ni uleule. Fedha zikipotea, atakayeulizwa ni wewe. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri akupe maandishi yanayotaja cheo chako, ujira na saa za kazi. Kumshikia mwenzako siku moja ni uungwana. Mzigo wa kudumu ni badiliko la mkataba, nalo lahitaji makubaliano. Basi omba agizo hilo kwa maandishi, tunza nakala, na useme kwa adabu. Usiposikilizwa, mwendee afisa wa kazi wa wilaya yako. Ukinyamaza, kimya chako huenda kikahesabiwa kuwa ridhaa.