Jina la tovuti likiisha muda, nani mwenye haki nalo?

Na Mwandishi Wetu

MKESHA wa Krismasi mwaka 1999, watumiaji wa barua pepe za Hotmail walijikuta wakishindwa kufungua masanduku yao. Hapakuwa na mhalifu wala mtambo ulioharibika. Microsoft, mojawapo ya kampuni tajiri kabisa duniani, ilikuwa imesahau kulipa dola 35 za Marekani kwa ajili ya jina passport.com, ambalo Hotmail ililitumia kuwatambua wateja wake. Mtaalamu mmoja wa kompyuta wa jimbo la Tennessee alilipa deni hilo kwa kadi yake mwenyewe, huduma ikarejea, na Microsoft ikamtumia hundi ya dola 500.

Microsoft ilibahatika kumpata mtu mwema. Wengi waliosahau kama ilivyosahau yenyewe hawakupata bahati hiyo.

Ukweli ni kwamba jina la tovuti halinunuliwi moja kwa moja, hukodishwa. Kwa majina yanayoishia na .com, muda ukipita wakala wa usajili anaweza kumvumilia mteja hadi siku 45. Jina likifutwa, hufuata siku 30 za kulikomboa, kwa ada kubwa zaidi, kisha siku tano za mwisho kabla ya kuachiwa kwa yeyote. Hata hivyo, mawakala wengi hulipiga mnada kabla ya kufika huko, na yale yanayoachiwa hunyakuliwa na programu za kompyuta ndani ya sekunde chache. Mnyakuzi huwa anawalenga wageni waliokwisha kuizoea anwani ile, ili awaoneshe matangazo au amuuzie mwenye jina wa awali kwa bei ya juu.

Hapo ndipo ugomvi wa alama za biashara unapoanza. Tangu mwaka 1999, shirika linalosimamia majina ya intaneti, ICANN, lina utaratibu wa usuluhishi ambao mashauri yake mengi husikilizwa na Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, lenye makao Geneva. Mlalamikaji hana budi kuthibitisha mambo matatu kwa pamoja: kwamba jina linafanana na alama yake ya biashara kiasi cha kuwachanganya watu, kwamba mnunuzi hana haki wala maslahi halali nalo, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya.

Kusema "lilikuwa langu" si mojawapo ya mambo hayo. Wala mnunuzi haponi kwa kujitetea kwamba alilikuta limeachwa, kwa kuwa alama ya biashara haifi pamoja na usajili wa tovuti.

Mwaka 2006, katika shauri la jina wcmh.com, ambalo ni utambulisho wa kituo cha televisheni cha Ohio nchini Marekani, msuluhishi aliamuru jina likabidhiwe kwa mmiliki wa kituo hicho. Hoja yake ilikuwa nzito: mfanyabiashara anayekusanya majina kwa wingi hawezi kufumba macho asichunguze haki za wengine, kisha adai hakujua.

Lakini jina likiwa ni neno la kawaida, mambo hugeuka. Nia hupimwa kwa siku ile mnunuzi alipolipata, na anayelitumia kwa maana yake ya kawaida mara nyingi hubaki nalo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mzigo wa utaratibu huu unamwelemea zaidi mfanyabiashara mdogo asiyesajili alama yake. Ada ya WIPO kwa msuluhishi mmoja ni dola 1,500, na hata akishinda hulipwi fidia. Hupewa jina lake tu. Anayetaka fidia huenda mahakamani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1999 inaruhusu kati ya dola 1,000 na 100,000 kwa kila jina.

Utaratibu huo wa usuluhishi unamfunga kila aliyesajili .com, awe California au Kariakoo. Tangu mwaka 2013 mawakala wanalazimika kutoa taarifa takriban mwezi mmoja kabla ya muda kuisha, nyingine takriban wiki moja kabla, na nyingine ndani ya siku tano baada ya muda kuisha. Taarifa hizo hutumwa kwa anwani iliyoandikwa kwenye usajili, ambayo mara nyingi ni ya fundi aliyetengeneza tovuti na kuondoka zamani.