Ramani, Dira na Setilaiti: Uchaguzi wa Vyombo vya Kuongoza Njia Msituni

Gari la kazi likifika penye njia panda katikati ya miombo ya Liwale, hapana mlima wa kutazamia wala nyumba ya kuulizia. Miti ya mbele yafanana na miti ya nyuma, na njia zote mbili zina alama za magurudumu. Ni saa tisa alasiri na mafuta yamebaki nusu tangi. Hapo ndipo thamani ya chombo cha kuongoza njia ipimwapo, na aghalabu hapo ndipo igundulikapo kwamba chombo kilinunuliwa bila ya kufikiriwa.

Watu wa misitu, wa afya, wa madini na wa utafiti hubishana sana juu ya jambo hili kabla ya safari. Mmoja hudai kwamba ramani na dira vimepitwa na wakati, kwa kuwa simu ya mkononi yatosha. Mwingine hushikilia kwamba simu haiaminiki kamwe porini. Ubishi huo hauna faida kubwa, maana hakuna chombo kisicho na kosa lake. Yafaa kuuliza mambo mawili tu: je, mtumiaji analijua kosa la chombo alichonacho? Na je, anacho chombo cha pili cha kulisahihishia?

Ianzwe na ramani. Karatasi za skeli ya 1:50,000, zilizochorwa kutokana na picha zilizopigwa kutoka angani, zingali hazina kubwa. Sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi, na mistari ya kontua humwonyesha msomaji kwa mtazamo mmoja bonde lilipo, kilima kilipo na mteremko usiopandika kwa gari. Kioo kidogo cha simu hakiwezi kuonyesha eneo pana namna hiyo bila ya kupoteza mambo madogo madogo. Tena karatasi haiishiwi na betri.

Lakini karatasi huzeeka. Ramani ya zamani ya bonde la Kilombero itamwambia msafiri atokaye Ifakara kwenda Mahenge kwamba mto huvukwa kwa kivuko, ilhali daraja lilifunguliwa mwaka 2018. Katika bonde la Rufiji, bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mahali palipochorwa kuwa nchi kavu pamekuwa ziwa. Kwa hiyo ramani ya zamani yafaa iaminiwe katika habari za milima na miteremko, na ishukiwe katika habari za barabara, vijiji na madaraja.

Dira nayo huhesabiwa na wengi kuwa chombo rahisi kisicho na siri. Kwa kweli dira iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi moja huweza kuwa mbaya katika nchi nyingine. Nguvu ya sumaku ya dunia hailali sambamba na ardhi kila mahali. Uingereza huivuta ncha ya kaskazini ya sindano kuelekea chini kwa zaidi ya nyuzi 65. Dar es Salaam inayovutwa chini ni ncha ya kusini, na mwinamo wake hupita nyuzi 30. Ili sindano ikae sawa, watengenezaji huiongezea uzito upande mmoja kulingana na sehemu ya dunia itakakouzwa. Dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya ikiletwa huku, sindano yake huinama, hugusa kioo na kusita kuzunguka. Mnunuzi asiridhike na jina la kiwanda. Na ailaze dira kiganjani, aizungushe polepole, na kutazama kama sindano inaelea bila ya kukwama. Ikikwama dukani, msituni haitapona.

Yako makosa mengine mawili ya dira. Kwanza, sindano huelekea kaskazini ya sumaku, ambayo si kaskazini halisi ya ramani. Katika Tanzania tofauti hiyo ni nyuzi chache tu, nayo hubadilika mwaka hata mwaka, kwa hiyo namba iliyochapwa pembeni mwa ramani miaka mingi iliyopita haifai kutumiwa ilivyo. Nyuzi chache zaweza kuonekana si kitu, lakini kosa la nyuzi 3 katika mwendo wa kilomita 10 humtupa msafiri zaidi ya mita 500 kando ya shabaha yake. Pili, chuma huipotosha sindano. Dira haisomwi juu ya boneti ya gari. Msomaji wake hana budi kushuka na kwenda hatua kadhaa mbali, hata kama mvua inanyesha.

Chombo cha tatu ni kipokezi cha mawimbi ya setilaiti, kiwe peke yake au ndani ya simu. Setilaiti ya kwanza ya mfumo wa Marekani uitwao GPS ilirushwa mwaka 1978, na mfumo wote ukatangazwa kukamilika mwaka 1995. Hadi Mei 2000 mawimbi waliyoruhusiwa raia yalikuwa yakitiwa kosa kwa makusudi. Tangu kosa hilo lilipoondolewa, simu ya kawaida chini ya mbingu wazi huweza kukadiria mahali ilipo kwa kukosea mita zipatazo 5 tu. Ni maendeleo makubwa, na anayeyadharau hujinyima msaada wa bure.

Hata hivyo, kazi ya chombo hiki haieleweki vizuri. Wengi hudhani kwamba pasipo mnara wa simu hapana GPS. Sivyo. Kipokezi husikiliza setilaiti zisizopungua 4, zilizo juu angani kwa takribani kilomita 20,000, na hukokotoa umbali wa kila moja kutokana na muda ambao mawimbi yametumia kusafiri. Mnara wa simu hauhitajiwi katika kazi hiyo. Kinachokosekana pasipo mtandao ni picha ya ramani iliyo chini ya nukta, ikiwa haikuhifadhiwa simuni kabla ya safari. Msafiri aliyesahau kufanya hivyo hubaki na nukta ikielea katika kioo kitupu. Isitoshe, chini ya majani mazito na katika mabonde membamba kama ya Udzungwa, mawimbi hudhoofika, au hugonga mwamba kwanza ndipo yafike, na kosa huongezeka. Na kipokezi kilichosimama hujua mahali kilipo bila ya kujua kimeelekea wapi. Simu huujua upande kwa kihisi chake kidogo cha sumaku, ambacho nacho hupotoshwa na chuma cha gari.

Makosa yote hayo ni madogo yakilinganishwa na moja ambalo halionekani kwa macho. Ili kuipa kila sehemu ya ardhi namba zake, wapima ardhi hukubaliana kwanza juu ya umbo la dunia na mahali pa kuanzia kuhesabu. Huo ndio msingi wa vipimo. Ramani za zamani za Tanzania na Kenya zilijengwa juu ya msingi uitwao Arc 1960. Mfumo wa GPS hutumia msingi mwingine, uitwao WGS 84. Namba zile zile zikisomwa katika misingi hii miwili huonyesha mahali pawili tofauti, palipoachana kwa mita zipatazo 300, sehemu kubwa ya tofauti hiyo ikiwa ni ya kaskazini na kusini. Katika ramani ya 1:50,000 hizo ni milimita 6, upana wa penseli. Katika ardhi ni mwendo wa dakika nne kwa miguu, na katika sheria ya misitu huweza kuwa haki ya mtu.

Na ifikiriwe hali hii. Bwana miti anasoma katika ramani ya zamani namba za pembe ya mpaka wa hifadhi. Anaziingiza katika kipokezi kilichoachwa kama kilivyotoka kiwandani, kisha anakifuata hadi kinapomwambia kwamba amefika. Amesimama mita 300 mbali na mpaka wa kweli. Shamba la familia nyingi vijijini halifiki upana huo. Mkulima ambaye hakuvuka mpaka ataambiwa kwamba amevamia hifadhi, na huenda mahindi yake yakafyekwa. Mpakani upande wa pili, mkata miti aliyeingia ndani ya hifadhi ataachiwa aende zake. Bwana miti hakudanganya, na kipokezi hakikuharibika. Ni namba tu zilizosomwa kwa lugha isiyo yake. Dawa yake ni kuchagua msingi ufaao katika mipango ya kipokezi, kazi ya dakika moja. Kwa sababu hiyo yapasa iwe kanuni kwamba hapana mtu atakayeshtakiwa kwa namba za mahali mpaka anayezitoa aeleze zimepimwa katika msingi gani, na azihakikishe kwanza penye jiwe la mpaka linalojulikana.

Yafaa pia kuchuja maarifa ya kigeni yanayofundishwa katika vitabu vya safari za porini. Kitabu cha Ulaya humfundisha msomaji kwamba jua la adhuhuri li kusini, na kwamba Nyota ya Kaskazini haimtupi msafiri. Tanzania, jua la adhuhuri huwa kaskazini katikati ya mwaka na kusini mwezi wa Desemba, na nyota hiyo imezama chini ya upeo wa macho. Lakini nchi za joto nazo zina neema yake: mwaka mzima jua huchomoza karibu na mashariki halisi, bila ya kupotoka zaidi ya nyuzi 24 hivi. Jua la asubuhi ni dira isiyouzwa, nalo lafaa zaidi huku kuliko Ulaya.

Baada ya vyombo vyote hivyo kuna barabara yenyewe. Barabara ya msitu si kitu cha kudumu. Trekta huifungua ili magogo yatoke, na kazi ikiisha, miche huota kati ya alama za magurudumu, na baada ya masika kadhaa hubaki kichochoro cha wanyama. Mstari wake waweza kubaki katika ramani ya simu ungali mweupe na safi. Mashine hukokotoa njia iliyo fupi. Haijui kama daraja la magogo limechukuliwa na maji, wala kama udongo mweusi wa mbuga umelowa na utalimeza gurudumu hadi ekseli. Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi, na msemo huo unafaa kubandikwa mbele ya kila dereva.

Habari hizo anazo mwenyeji. Mrina asali, mpasua mbao na mama atokaye kuteka maji wanajua kivuko kipi kinapitika mwezi huu. Na waulizwe kwa heshima, na swali liwe mahsusi: gari la mwisho limepita hapa lini? Naye mwenyeji ana kosa lake, kama vyombo vingine. Neno lake la “hapo mbele tu” laweza kuwa mwendo wa saa tatu. Basi dereva na asome kihesabu kilomita cha gari penye kila njia panda na kukiandika, ili neno la mwenyeji, ramani na nukta ya setilaiti vipate kushuhudiana.

Uchaguzi ulio bora, basi, hauhitaji fedha nyingi. Msafiri wa msitu na achukue ramani ya karatasi ndani ya mfuko usioingia maji, dira iliyosawazishwa kwa nchi za kusini, na kipokezi au simu yenye ramani iliyohifadhiwa na betri ya akiba. Aongeze daftari na penseli. Aache kituoni maandishi ya njia atakayopita na siku atakayorudi, kwani hicho ndicho chombo pekee kitakachomwongoza anayekuja kumtafuta.

Ofisi zinunuazo vyombo hivi zina wajibu mmoja zaidi. Mara nyingi fedha zote huishia katika mashine, na mafunzo huachwa yasubiri bajeti ya mwaka ujao. Heri vipokezi vitano mikononi mwa watu watano waliofundishwa kuliko ishirini kabatini. Siku moja ya mazoezi penye jiwe la vipimo linalojulikana, kila mtu akiona kwa macho yake mita 300 zikitokea na kutoweka kwa kubadilisha msingi, itamfundisha mtumishi zaidi ya kijitabu cha kiwandani. Dereva wa Liwale aliyefundishwa hivyo, akifika penye njia panda, atashuka, ataenda hatua kadhaa mbali na gari, ataitazama sindano, ataiweka nukta juu ya karatasi, ndipo achague njia. Na bwana miti mwenzake, kabla ya kumwambia mkulima kwamba amevuka mpaka, atajiuliza kwanza ni mpaka wa ramani ipi.